Svalbard kwa meli ya matanga: majibu ya mpishi wa melini

Mkuu uliyeuliza toka Muscat: umesema wewe na mkeo mmeona tangazo la safari ya wiki moja kwa skuna, yaani meli ya matanga yenye milingoti miwili au zaidi, huko Svalbard, visiwa vya kaskazini kabisa ya Norway, nyote mna pasi za Tanzania, na mnataka kujua habari za viza, baridi, sala na chakula, na kama yale matanga ya kwenye picha ni ya kweli au ni pambo tu. Waliotangulia wamekujibu kwa utani, sawa, baraza ni baraza. Mimi ni mtu wa Pemba, naishi Tromsø, kaskazini mwa Norway, na nimepika misimu kadhaa kwenye meli za aina hiyo. Jina la kampuni silitaji, msinisumbue kwa ujumbe wa faragha.

Tuanze na viza, maana hapo ndipo watu wanapopoteza pesa. Svalbard iko chini ya Norway kwa mkataba wa 1920, lakini haimo ndani ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, na yenyewe haimdai mtu viza, atoke Wete au Peru. Tatizo ni njia. Ndege zinatoka Oslo na Tromsø, na huko kote ni Schengen. Ukipanda kwenda Longyearbyen, mji mkubwa wa Svalbard, umeshatoka Schengen. Ukirudi unaingia tena. Kwa hiyo viza zenu lazima ziwe za kuingia mara mbili au zaidi. Mwenye viza ya kuingia mara moja anafika Svalbard vizuri kabisa, kisha anabaki kujiuliza atatokaje. Mlieleze hilo wazi kwenye maombi na mwambatanishe uthibitisho wa nafasi ya melini. Na bima mtakayokata iwe inalipia utafutaji na uokoaji, si matibabu peke yake: hospitali ya Longyearbyen ni ndogo, mgonjwa mahututi hurushwa kuletwa huku Tromsø.

Haya, matanga. Nikwambie ukweli: injini itanguruma saa nyingi kuliko matanga yatakavyojaa. Ndani ya fyodi, yale mahori marefu yaliyochimbwa na barafu, mara nyingi ni shwari tupu, au upepo unashuka ghafla kutoka kwenye mto wa barafu na kukujia wa omo, yaani usoni. Na nahodha ana tarehe ya kuwarudisha kwenye ndege, hawezi kukaa anasubiri upepo umhurumie. Lakini siku ikitokea, kwa kawaida pwani ya magharibi, injini inazimwa na abiria wanaitwa sitahani kuvuta henza, zile kamba za kupandishia matanga. Hakuna anayelazimishwa, ila sijaona mtu akikataa. Mimi huko jikoni najua kabla ya kuambiwa: meli inalala upande, sufuria zinaegemea vyuma vyake vya kuzizuia, na kazi yangu ya kwanza ni kutandika kitambaa kibichi chini ya sahani. Kitambaa kikavu hakisaidii kitu, sahani zinakwenda nacho.

Kwa hiyo kama ni matanga tu mnayoyataka, pesa hizo ni nyingi mno, kapandeni majahazi Lamu. Huku mnalipia udogo wa meli. Tuchukue Forlandsundet, mlango wa bahari kati ya kisiwa kirefu cha Prins Karls Forland na kisiwa kikubwa cha Spitsbergen. Katikati yake maji ni machache, meli kubwa haithubutu kupita, inazunguka nje na kuyapokea mawimbi yote ya Atlantiki. Skuna inapita ndani taratibu, nahodha hatoi jicho kwenye kipima kina, na abiria wanakunywa supu yao bila kuimwaga. Njiani mnapita Poolepynten, wanakolala walarasi, wale wanyama wa bahari wenye pembe mbili ndefu za meno. Wanalala wamerundikana mchangani, na upepo ukitokea upande wao, harufu inakufikia kabla hujajua unatazama nini. Mwenzao akigeuka, wote wanaguna, anachomwa mmoja pembe ya mgongo, kisha kimya tena. Unaweza kuwatazama saa nzima na usichoke.

Jambo la pili ni kushuka pwani. Meli zilizo katika AECO, chama cha waendeshaji wa safari hizi za Aktiki, hazishushi zaidi ya watu 100 kwa pamoja. Meli yenye watu 200 basi inashusha kwa zamu, nusu wako chini na nusu wanasubiri. Meli ya matanga kama Antigua inachukua abiria 32, skuna Noorderlicht iliyojengwa 1910 inachukua 20. Boti za mpira zinakwenda mara mbili tatu, wote mko chini, na mnakaa mpaka mtosheke. Tena tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria imekaza: kwenye maeneo ya hifadhi meli isizidi abiria 200, na kushuka humo ni mahali 43 palipotajwa tu. Kampuni ikikuonyesha ratiba ya zamani yenye "tutashuka popote", waulize vizuri.

Sheria hiyohiyo inahusu dubu weupe. Sasa ni marufuku kumkaribia chini ya mita 300, na kuanzia Machi 1 hadi Juni 30 ni mita 500. Kwa jicho tupu dubu wa umbali huo ni punje ya mchele, na wala si mweupe, ana manjano kidogo kuliko theluji. Ndivyo mabaharia wanavyomtambua. Basi badala ya kununua jaketi la bei mbaya, nunueni darubini nzuri, kila mtu yake. Mume na mke kugombania darubini moja nimeshuhudia, si jambo zuri. Mkiwa pwani mwongozaji anatangulia na bunduki na bastola ya fataki za kumtishia dubu, nanyi mnakwenda kwa kundi. Dubu akionekana matembezi yamekwisha, mnarudi botini. Hakuna anayeachwa ajitenge nyuma ya jiwe, kwa hiyo haja zote zimalizwe melini kabla ya kushuka. Mwambie mkeo mapema.

Baridi yenyewe si ile mnayoiogopa. Julai huwa ni nyuzi chache juu ya sifuri, tano sita hivi. Kinachoumiza ni upepo na kukaa bila kujongea kwenye boti ya mpira. Vaeni sufu nyepesi mwilini, sufu nzito juu yake, na nje kitu kisichopitisha maji wala upepo. Pamba muiache Muscat, ikilowa haikauki. Mabuti marefu ya mpira meli nyingine zinaazima, ulizeni kwanza.

Vyumba ni vidogo. Vitanda ni vya juu na chini, na aliyezoea nyumba yenye sebule mbili atavunjika moyo siku ya kwanza. Maji ya kuoga yapo, si ya kuchezea. Simu hazishiki mkiacha makazi ya watu, na mkikaribia Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti, mtaamriwa kuzima hata WiFi na Bluetooth, kwa sababu mitambo ya wanasayansi pale inasikiliza ishara dhaifu mno za mawimbi ya redio. (Maoni yangu: Ny-Ålesund inapewa muda mwingi kuliko inavyostahili. Mkishauona ule mnara waliofungia Norge, puto kubwa la injini, mwaka 1926 kabla wapelelezi Amundsen na Nobile hawajaruka nalo juu ya Ncha ya Kaskazini, mmemaliza. Muda huo bora mngekaa mbele ya mto wa barafu.)

Sala: jua halizami Longyearbyen kuanzia karibu Aprili 20 hadi karibu Agosti 22, kwa hiyo Magharibi na Isha hamtaziona angani. Waislamu wengi wa kaskazini huku tunafuata saa za Makka, na wanazuoni wengine wanasema ufuate mji wa karibu wenye usiku na mchana. Muulizeni sheikh wenu mnayemwamini. Kibla ni kusini, kidogo mashariki. Meli iliyotia nanga inazunguka, unaweza kuanza rakaa sawasawa na ukatoa salamu unatazama Greenland. Nyama ya halali muitaje siku ya kulipia, maana meli inapakia chakula cha wiki nzima bandarini na baada ya hapo hakuna duka. Msipopata, samaki hawakosekani.

Wakati gani? Mei na Juni nchi bado ina theluji, ni nzuri kwa picha, lakini barafu ya bahari inaweza kufunga njia ya kaskazini. Julai ndege wamejaa majabalini na maua madogo yametoka. Mimi ningewapeleka mwisho wa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Jua limeanza kuzama, rangi za jioni zinakaa saa nyingi. Bahari lakini huanza kuchafuka, na dawa ya kichefuchefu mezeni kabla ya kung'oa nanga. Ukishaanza kutapika umechelewa.

Kuna aliyetaja Scoresbysund, hori kubwa la Greenland ya Mashariki. Milima ya barafu inayoelea huko ni mikubwa kuliko chochote cha Svalbard, sibishi. Ila viza ya Schengen ya kawaida haifiki. Inayotolewa na Denmark lazima iandikwe kwamba inafaa pia Greenland.

Mkishatumiwa ratiba iwekeni hapahapa. Nitawaambia siku zipi ni za kushuka kweli na zipi ni za kupita tu mkipungia majabali.