Kabla greda halijafika kijijini kwenu

Barabara ya kijiji chetu ilipoanza kujengwa, mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya malalamiko. Sikuiomba kazi hiyo. Mkutano mkuu wa kijiji ulimtaka mtu anayeandika upesi na anayepatikana nyumbani jioni, wakanitaja. Nikapewa kaunta buku moja, kalamu mbili na maelekezo ya dakika kumi. Miezi 19 baadaye daftari lile lilikuwa na malalamiko 61. Tangu hapo nimeitwa kwenye vijiji vingine vitatu ambavyo barabara inavikaribia, na kote naanza na neno moja: kinachomlinda mwananchi ni kile kilichoandikwa kabla mtambo haujawashwa.

Barabara yenyewe tuliitaka sana. Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mvua zikishakolea kuanzia Desemba, gari lilikuwa halifiki kwetu. Mjamzito alibebwa kwenye machela ya miti hadi barabara kuu, na viazi vilioza shambani huku bei mjini ikipanda. Lakini kiu hiyohiyo ya barabara ndiyo iliyotufunga midomo. Mtu akiuliza habari ya shamba lake anaambiwa anakwamisha maendeleo. Mama aliyeuliza ni nani atarudisha kivuko cha mlangoni kwake alizomewa mkutanoni, na waliomzomea walikuwa jirani zake. Kama wewe ni kiongozi wa kijiji, anzia hapo. Sema mbele ya watu wote, tena siku ya kwanza, kwamba kudai haki si kuipinga barabara.

Sasa nieleze habari ya lalamiko namba 14, maana ndilo lililonifundisha zaidi.

Mkandarasi anahitaji changarawe na kifusi, na hawezi kuvisomba kutoka mbali. Akiona kilima chenye udongo mzuri, anamtafuta mwenye shamba. Kwetu shamba hilo lilikuwa la bibi mmoja mjane. Msimamizi na kijana wa hapahapa kijijini walimfuata bibi, wakampa fedha taslimu mkononi, wakamwambia watachimba kidogo tu pale juu. Karatasi haikuwepo. Wiki ya tatu shimo lilikuwa limemeza robo tatu ya eka, na ule udongo mweusi wa juu, ambao bibi aliulisha samadi kwa miaka, ulikuwa umesukumwa na katapila na kuchanganyika na mawe. Mvua za kwanza zikalijaza maji. Watoto wakawa wanaogelea humo wakitoka shule, hadi siku mtoto wa darasa la pili alipozama. Mchunga ng'ombe ndiye aliyemtoa. Nilifika nikamkuta amelazwa kwenye nyasi anatapika maji ya matope, mama yake amemshika miguu hawezi hata kulia. Mtoto alipona. Namshukuru Mungu kila nikimwona.

Nilipolipeleka lalamiko lile, swali la kwanza la mkandarasi lilikuwa: makubaliano yanasemaje? Nami sikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Kwa hiyo mtu akitaka kuchimba kwenye shamba lako, asianze bila makubaliano ya maandishi, kwa Kiswahili, yakisainiwa mbele ya mtendaji wa kijiji. Kama shamba ni la familia, mke na mume wasaini wote wawili. Karatasi iseme eneo ni kubwa kiasi gani, na vigingi vipigwe mkiwa pamoja. Iseme kina mwisho wake ni wapi, na malipo ni kwa tripu au kwa eneo. Iseme kwamba udongo wa juu utakwanguliwa kwanza na kurundikwa kando, usiguswe hadi siku ya kufukia. Hili watu wengi hulisahau, na ndilo linaloamua kama shamba litazaa tena au litabaki korongo. Iseme kingo zitalazwa ziwe mteremko, shimo litazungushiwa uzio, na tarehe ya kurudisha eneo. Kisha piga picha za shamba siku hiyohiyo kwa simu, mazao yakiwa yamesimama. Mwulize pia mhandisi mshauri anayesimamia mradi. Mara nyingi gharama ya kurudisha mazingira imo tayari ndani ya bei aliyopewa mkandarasi, kwa hiyo unapodai shimo lifukiwe huombi hisani. Unadai kazi iliyokwisha kuwekwa kwenye mkataba.

Kuhusu fidia, ni vizuri mjue barabara yenu ni ya ngazi gani. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara. Za wilaya, zile zinazoingia vijijini, tangu 2017 ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Kwa barabara kuu na za mikoa, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 45 hadi 60, yaani kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati ya barabara. Ndiyo maana kuna X nyekundu na X ya kijani kwenye kuta. Nyekundu maana yake inahesabika kuwa wewe umeifuata barabara, hulipwi. Kijani maana yake barabara imekufuata wewe, unalipwa. Mtu aliyejenga miaka mingi nyuma katika kile kipande cha mita saba na nusu kilichoongezwa anahitaji ushahidi wa lini alijenga: hati ya kimila, muhtasari wa kijiji uliompa eneo, hata risiti za mabati. Zitafute leo, usisubiri rangi ifike ukutani.

Thamani haiishii kwenye kuta na miti. Kanuni za fidia za 2001 zinataja pia posho ya usumbufu, usafiri wa kuhamisha mizigo tani 12 ndani ya kilomita 20, pango la miezi 36 kwa anayepoteza nyumba, na faida halisi ya miezi 36 kwa anayepoteza biashara. Hapa namkumbuka mzee wetu mwenye mashine ya kusaga. Mashine yake ilisaga mahindi ya vitongoji viwili, lakini hakuwa na daftari la mapato hata la wiki moja. Akathaminiwa banda tu: mbao, bati na sakafu. Biashara iliyosomesha watoto wake wanne haikuonekana popote kwenye fomu. Kama una kibanda, genge au mashine karibu na njia, anza leo jioni kuandika ulichoingiza na ulichotumia. Mthamini akija, uwepo wewe mwenyewe, mhesabu pamoja kila mparachichi na kila mgomba, na usisaini fomu kabla hesabu haijalingana na uliyoihesabu. Dai nakala yako. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa. Ikipita hapo kuna riba, na miaka miwili ikiisha bila malipo, uthamini unarudiwa. Tarehe ya kuidhinishwa ndiyo ya kuishikilia kama yai. Kama kuna makaburi njiani, kuna sheria yake peke yake, ya 1969, na familia ina haki ya kujulishwa na ya kuona wapendwa wao wanahamishwa kwa heshima.

Kwenye barabara ndogo za vijijini, hata hivyo, mara nyingi mnaambiwa hakuna bajeti ya fidia, basi wananchi "wajitolee" kipande. Sina ugomvi na kujitolea. Baba yangu alitoa hatua sita za shamba lake na hakuna aliyemsukuma. Ninachokipinga ni kuulizana hiari kwa kunyoosha mikono mkutanoni, mwenyekiti akiwa mbele na jirani zako wanakutazama. Pale hakuna anayeweza kusema hapana. Kila mtu aulizwe nyumbani kwake, aambiwe waziwazi kwamba anaruhusiwa kukataa, apewe siku za kufikiri, na jibu liandikwe. Mwenye kishamba kimoja chembamba asiombwe kabisa. Barabara ipindishwe kidogo. Miradi yenye fedha za Benki ya Dunia inafungwa na masharti ya namna hii: mtoaji ajue ana haki ya kukataa, ardhi iwe kidogo isiyoyumbisha riziki yake, na asihamishwe makazi. Ulizeni mapema fedha za mradi wenu zinatoka wapi.

Naja kwenye jambo zito kuliko shimo na kuta.

Kambi ya mkandarasi ikifunguliwa, wanaingia wanaume wengi walio mbali na familia zao na wenye mshahara kila mwezi, katika kijiji ambacho binti wa kidato cha pili anatembea saa nzima kwenda shule. Kwa jirani zetu Uganda, barabara ya kilomita 66 kutoka Kamwenge hadi Fort Portal iliacha mabinti wadogo waliodhalilishwa na wafanyakazi wa ujenzi. Wananchi wa Bigodi walilalamika, na Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta ufadhili wa mradi huo. Watu wengi waliipigania barabara ile kama sisi tulivyoipigania yetu. Mabinti ndio walioilipia.

Kwetu lilitokea mara moja ninayoijua. Mama mmoja alikuja usiku kunieleza habari za binti yake, nami, kwa mazoea, nikaiandika kwenye daftari lilelile la mabomba na vumbi, jina la mtoto likiwa limeandikwa kamili. Daftari lile lilisomwa kila Alhamisi kwenye kikao cha saiti. Nilizinduka alfajiri, nikaichana karatasi ile kabla mtu hajaiona, lakini mpaka leo moyo unaniuma nikifikiria saa zile chache. Nimesema andika kila kitu. Hili ndilo pekee lisiloandikwa hadharani. Tukawachagua muuguzi wa zahanati na mwalimu mmoja wa kike wapokee habari za namna hiyo peke yao, bila kupitia kamati yenye wanaume wengi. Kutoka kwao inakwenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure kuipiga. Ndugu wa upande wa baba walitaka wamalizane kinyumbani kwa fedha. Muuguzi alikataa, akasimama na mama na binti yake hadi kituoni. Kumpa ujauzito mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Familia haina mamlaka ya kulimaliza hilo sebuleni. Mkutano ule wa kwanza wa kutambulisha mradi, mkandarasi akiwa amesimama mbele yenu, mtakeni aseme kanuni za maadili za wafanyakazi wake kwa sauti, watoto wa shule wakisikia.

Mengine ni madogo kwa sura lakini yanachosha. Bomba la maji likikatwa na greda, lirudishwe siku hiyohiyo. Kabla ya kazi kuanza, mtembee na msimamizi mkimwonyesha kila bomba linapopita. Vumbi: boza la maji lipite asubuhi na alasiri penye nyumba, shule na zahanati. Angalieni sana mdomo wa kila karavati unaelekea wapi, maana maji yote ya barabara yatamwagikia shamba la mtu mmoja kwa miaka yote ijayo, na kuligeuza karavati likishajengwa ni kazi kubwa. Vibarua wawe na vijidaftari vyao vya siku walizofanya kazi, wasitegemee orodha ya nyapara peke yake.

Na kamati yenyewe? Isiwe ya viongozi watupu. Kila lalamiko lipewe namba na tarehe, mlalamikaji asaini au aweke dole gumba, aondoke na nakala. Ombeni kiti kwenye kikao cha saiti, hata kama ni kwa nusu saa, na aliyejibu lalamiko asaini kando ya jibu lake. Ile saini ilibadilisha mambo kwetu kuliko maneno yote niliyowahi kusema. Ahadi yenye jina la mtu ilitekelezwa upesi kuliko ahadi ya "tutalifanyia kazi".

Barabara ikikabidhiwa msiweke daftari kabatini. Kwa kawaida kuna kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, ambapo mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, na sehemu ya fedha zake huwa imezuiwa hadi kiishe. Sisi tuliitembea barabara yote kwa miguu pamoja na mhandisi, mimi nikisoma namba, yeye akitazama. Malalamiko tisa yalikuwa hayajafungwa. Namba 14 ilikuwa mojawapo.

Mtambo wa kijiko ulirudi wiki iliyofuata, ukafukia shimo kwa kifusi na kulaza kingo. Watoto hawaogelei tena pale. Lakini udongo mweusi haukurudi, kwa sababu haukuwepo tena mahali popote. Bibi alijaribu mahindi msimu mmoja, yakatoka njano yakakauka yakiwa mafupi kama kiganja. Sasa amepanda miti ya mbao. Nilipopita mwezi uliopita nilimkuta anaipalilia, akaniuliza kama inavunwa baada ya miaka mingapi, nikamjibu. Akanyamaza, kisha akaendelea kupalilia.