Re: Seva inajibu ping lakini poti 5432 haifikiki

Mkuu, ping ikijibu maana yake mashine iko hewani, basi. Inatumia ICMP (ujumbe wa kupima mtandao), haina habari na poti (mlango wa programu kwenye mashine), kwa hiyo haiwezi kukwambia lolote kuhusu PostgreSQL yako (hifadhidata inayotumia poti 5432). Toka kwenye laptop yako piga hii (nc hujaribu kuunganika na poti; weka IP ya seva yako):

nc -zv -w 3 203.0.113.10 5432

Mwenye Windows afungue PowerShell, apige Test-NetConnection 203.0.113.10 -Port 5432, asome mstari wa TcpTestSucceeded.

Ikigoma, usiishie kusema "imefungwa". Angalia imegoma vipi. "Connection refused" ikirudi papo hapo, mara nyingi pakiti imefika ila hakuna programu inayosikiliza kwenye anwani ile. (Fayawali iliyowekwa REJECT nayo hujibu hivyohivyo.) Ikikaa kimya mpaka zile sekunde 3 ziishe, mara nyingi kuna fayawali inameza pakiti.

Kwa refused, ingia kwenye seva kwa SSH upige sudo ss -tlnp | grep 5432 (huonyesha anayesikiliza poti hiyo). Ukiona 127.0.0.1:5432, Postgres inasikiliza ndani ya seva tu, na ndivyo inavyokuja ikisakinishwa. Badili listen_addresses kwenye postgresql.conf, ongeza mstari wa IP yako kwenye pg_hba.conf (faili la wanaoruhusiwa kuunganika), halafu restart. Reload haitoshi, listen_addresses haisomwi upya mpaka huduma izimwe na kuwashwa.

Kwa kimya, tazama sudo ufw status (fayawali ya seva yenyewe), kisha fayawali ya kwenye paneli ya mtoa huduma wa seva. Hii ya pili ndiyo watu husahau. Hujui ni ipi? Kwenye seva acha hii ikiwa inakimbia, ikuonyeshe pakiti zinazofika:

sudo tcpdump -ni any tcp port 5432

Rudia nc. Flags [S] (maombi ya kuunganika) zikiingia bila jibu, mzuiaji ni fayawali ya seva yenyewe, kwa sababu tcpdump huiona pakiti kabla iptables (fayawali ya Linux) haijaitupa. Pasipotokea kitu, inakwama njiani, pengine hata kwenye mtandao wa ofisini kwako. Jaribu kwa hotspot ya simu.

Poti za UDP ni kesi nyingine: nc -zvu inaweza kusema imefaulu hata pasipo na kitu. DNS, kwa mfano, ipime kwa dig @IP.

Ila kusema kweli, 5432 sio ya kuianika intaneti nzima. Kama unaitumia peke yako, acha ilivyo, upite kwenye SSH:

ssh -L 5433:localhost:5432 jina@203.0.113.10

Kisha pgAdmin (programu ya kusimamia PostgreSQL) uielekeze localhost, poti 5433.