Ufito Uliosokotwa Usiupe Namba Moja ya Ugumu

Msimu wa miradi ya mwisho vyuoni ukifika, hapa Unga Limited, Arusha, huja vijana na fito za aloi ya magnesiamu. Wanataka wakerezewe sampuli, wakazisokote, wakapime ugumu. Kukereza ndiyo kazi yangu, lakini ripoti zao huwa nazisoma, na kinachonikera ni jedwali lenye namba moja: kabla ya kusokota ugumu huu, baada ya kusokota ugumu ule. Umepima wapi, mdogo wangu? Katikati au pembeni?

Ufito ukisokotwa hauumii sawa kila mahali. Umeona gwaride likikata kona: wa ndani anakanyaga papo hapo, wa nje anakaribia kukimbia. Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha umbali kutoka katikati kwa pembe ya msokoto katika radiani, kisha gawanya kwa urefu wa sampuli. Ufito wa milimita 10 kwa upana na 50 kwa urefu, ukizungushwa robo duara, ngozi yake inapata mkato, yaani kiasi cha tabaka kuteleza juu ya jirani yake, wa 0.157. Nusu ya njia kuelekea ndani ni nusu ya hiyo. Katikati kabisa, sifuri.

Kwenye magnesiamu jambo hili linakolea kwa sababu ya fuwele zake, ambazo mpangilio wake ni wa pembe sita. Kwenye joto la kawaida, atomi zinateleza kwa urahisi kwenye tabaka moja tu, lile la kitako, yaani bapa la chini la umbo hilo la pembe sita. Chembe, yaani fuwele moja kati ya nyingi zilizoshikamana kwenye metali, ikisukumwa upande ambao tabaka hilo halisaidii, sehemu yake inageuka kwa nyuzi kama 86 na kuwa pacha wa iliyobaki. Kwenye hadubini utaona michirizi yenye kingo zilizonyooka ikikatiza chembe. Kingo hizo, pamoja na kasoro za mpangilio wa atomi zinazorundikana, huzuia utelezi unaofuata. Ndiyo maana kwa kawaida ugumu hupanda kadiri unavyotoka katikati kwenda nje.

Kwa hiyo uliza ufito wako ulitengenezwaje. Uliosukumwa kwenye tundu la kalibu huwa na tabaka hizo za kitako zimelala sambamba na urefu wake, ndiyo maana ukiuvuta unakaza na ukiugandamiza unalegea mapema. Kuusokota kwanza hupunguza tofauti hiyo, na kwangu hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kujisumbua na mradi huu. Wa kumimina ni habari nyingine.

Sasa upimaji. Kata sampuli kwa kukingama, kisha pima kwa mstari kutoka katikati hadi ukingoni. Kwa metali nyepesi, kanuni ya ISO 6507 inataka vituo vya alama mbili za Vickers, kipimo cha ugumu kinachobonyeza ncha ya almasi kwenye metali, viachane angalau mara sita ya ulalo wa alama, na alama ikae mara tatu kutoka ukingoni. Aloi yenye ugumu wa 60, ukiibonyeza kwa kilo moja, inaacha alama ya milimita 0.18 hivi. Maana yake nusu milimita ya nje, ile ile iliyosokotwa kuliko zote, huigusi! Tumia gramu 100: alama inashuka hadi mikroni 56 hivi, nawe unasogelea ngozi. Usishuke sana, alama ikatua ndani ya chembe moja, maana hapo utakuwa unapima chembe, si aloi. Chora mistari kadhaa, utoe wastani kwa kila umbali.

Kung'arisha kuna mtego wake. Msasa ukikandamizwa sana unazaa mapacha yake juu ya uso, nawe utadhani ni ya msokoto. Punguza mkono kila unapohamia msasa laini, na hatua za mwisho tumia ethanoli badala ya maji, kwa sababu maji huichafua magnesiamu upesi.

Ukisokota kwa moto, tuseme nyuzi 300, usitegemee picha hiyo hiyo. Njia nyingine za utelezi zinafunguka, chembe mpya ndogo zinazaliwa. Poza sampuli mara moja baada ya msokoto, la sivyo zitakua kabla hujaziona.

Na chenga za kukereza zisirundikwe chini ya mashine. Zikishika moto usimwage maji, yanatoa hidrojeni na moto unazidi. Kwangu ndoo ya mchanga mkavu inakaa kando ya lethi, na kabla haijafika sikifungi kipande cha mtu.