Kabla ya Kuiamini Modeli, Soma Ilichokitupa

Wiki hii kijana mmoja wa Likoni ameniandikia. Modeli yake, yaani programu iliyojifunza kwa mifano, ya kuchagua kurasa za kuingiza kwenye faharasa ya injini ya kutafutia, imepata usahihi wa asilimia 94, lakini kila akitafuta kitu anapata takataka. Ndugu yangu, hapo nimepita, na pananiuma hadi leo.

Nilikuwa najenga injini ya kutafutia kurasa za Kiswahili. Kurasa nilizitoa Common Crawl, hazina ya wazi ya wavuti, nikachuja lugha kwa fastText, programu inayotambua lugha 176, Kiswahili kikiwemo. Diski yangu isingebeba zote. Hata Google haiweki kila ukurasa inaoufikia. Basi nikazipa kurasa 800 alama, nzuri au mbaya, nikaifundisha modeli. Namba zikapendeza.

Siku ya kuionyesha, pale Mji wa Kale, mwalimu wangu wa ushairi akaketi mbele ya kompyuta akaandika jina la malenga wa zamani wa Mombasa: Muyaka bin Haji. Zikaja kurasa za kamari. Akajaribu tena. Akavua miwani. "Mwanangu, mashine ya Mombasa, na Muyaka hayumo?" Chumba kilikuwa kimejaa watu.

Usiku ule nikafungua faili la zilizotupwa. Mashairi yalikuwemo tele! Kurasa nilizoziita nzuri zote zilitoka magazetini, kwa hiyo modeli ilijifunza kwamba uzuri ni aya ndefu za Kiswahili sanifu. Mishororo ya shairi ikaiona mifupi mno. Kibwagizo kinachorudi kila ubeti ikakichukulia sawa na hila ya wanaorudiarudia neno ili ukurasa upande juu kwenye matokeo. "Ndia" (njia) na "mato" (macho) za Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, haikuwahi kukutana nazo. Kurasa za kamari, zenye aya nadhifu, zikapita. Na ule usahihi niliojivunia niliupima kwa magazeti yaleyale.

Kwa hiyo soma zilizotupwa. Chomoa 100 bila kuchagua, keti na mtu anayeyajua mambo hayo kukushinda, msome moja moja. Fundisha upya, kisha msome tena zilizotupwa. Vijana wa pwani, acheni kukimbilia modeli kubwa kabla ya kusoma data yenu. Lugha yetu ikitupwa na mikono yetu, tutamlaumu nani?

Mimi nilikaa na mwalimu Alhamisi tatu; yeye akisoma, mimi nikiweka alama. Juzi ameandika tena jina lile. Safari hii alisoma hadi adhana ya alasiri.