Ukibuni mashine Kigoma, kipya kikae pale cha zamani kinapoweza kurudi

Vijana wanaobuni mashine hapa Kigoma hunitumia picha za vitu vipya mara kwa mara: plastiki ngumu ya kukerezea bushi (pete ambayo shafti huzunguka ndani yake), inveta ya mota, programu ya kuchorea waliyoiona kwenye video. Swali ni lilelile: "Kaka, hii inafaa?" Nalipenda swali hilo, maana vingi kati ya vitu hivyo ni vizuri kweli, na karakana inayokataa kila kipya inadumaa. Jibu langu ni moja. Kitumie, ila chora sehemu yake kwa namna ambayo kikifa, cha zamani kitaingia palepale bila kukata wala kuchomelea upya.

Nasema hivyo kwa sababu ya mahali tulipo. Reli ya kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200, na spea isiyopatikana Mwanga, hapa mjini, inabidi isafiri. Chikichi halisubiri. Likishavunwa, kila siku linalokaa asidi inapanda na ubora wa mawese unashuka, kwa hiyo mama mwenye mashine anayengoja bushi wiki nzima anapoteza mavuno, si muda tu. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha, ikaja kwa bahari na kwa reli, ikaunganishwa hapahapa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Walioichora walijua njia ambayo kila bamba lingepita. Nasi tuchore tukijua njia ambayo spea itapita.

Nianze na plastiki, kwa sababu ndizo zinazowavutia wengi na ndizo zinazowaumiza wengi. Niliwahi kuitwa kuangalia mashine ya kukamulia mawese ambayo shafti yake iligoma kuzunguka muda mfupi baada ya kufungwa. Tulipoifungua, bushi nyeupe ya nailoni ilikuwa imeing'ang'ania shafti hadi tukaipasua kwa patasi. Ukereza wake haukuwa na kasoro, na nafasi ya shafti iliachwa kama inavyotakiwa. Lakini ilipimwa ikiwa kavu. Nailoni 6 ikiloa hadi kushiba hunywa maji karibu 9% ya uzito wake. Inavimba, na kwa kuwa nje imebanwa na chuma, uvimbe wote unaelekea ndani, kwenye tundu la shafti.

Asetali, ile inayoandikwa POM, hunywa chini ya 1%. Inakerezeka vizuri na inateleza hata grisi ikiwa kidogo. Nimeitumia na naipendekeza, ila nayo ina jambo lake, nalo ni joto. Asetali hutanuka karibu mara tisa ya chuma. Chukua bushi yenye kipenyo cha nje cha milimita 40, iliyokerezwa asubuhi kwenye baridi, kisha ikakutana na rojo la chikichi lililotoka jikoni, joto likapanda kwa nyuzi 60. Itataka kukua kwa milimita 0.26 hivi, wakati chuma cha ukubwa huo hukua kwa 0.03 tu. Hiyo tofauti lazima uiache kwenye mchoro kabla fundi hajawasha mashine ya kukereza. Tena, kwenye maji ya moto chagua asetali ya aina ya POM-C, siyo POM-H, kwa kuwa ya pili huharibiwa na maji ya moto mapema. Herufi hiyo moja imo kwenye karatasi ya sifa za malighafi. Muuzaji akikosa karatasi hiyo, usinunue.

Sasa kanuni yangu inafanyaje kazi hapo? Mimi huchora kikombe cha chuma chenye tundu la milimita 40, kikishikwa na bolti upande wa nje, na bushi inaingia humo. Leo ni asetali. Kesho ikiisha na asetali haipo mjini, fundi yeyote mwenye mashine ya kukereza anatengeneza bushi ya chuma cha kusubu, kile mnachokiita kasti, kwa vipimo vilevile vya nje, na tundu lake lina nafasi yake tofauti niliyoiandika tayari. Bronzi siiweki mahali inapogusa mafuta ya kula, kwa kuwa shaba iliyomo huharakisha mafuta kuchacha.

Kwenye steinlesi msijitwishe gharama. Aina ya 316 ina molibdeni inayopigana na chumvi ya bahari, na Ziwa Tanganyika ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kwa tangi na chujio za mawese 304 inatosha kabisa. Pesa iliyobaki nunua elektrodi za kuchomelea za 308L, na diski ya grainda ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, kwa sababu chembe za chuma hicho zikibaki juu ya steinlesi ndizo zinazoanza kushika kutu.

Kuna kipya kingine ambacho wabunifu wengi hawakihesabu: mbegu. Michikichi ya tenera inayosambazwa kutoka TARI Kihinga ina nyama nyingi na ganda jembamba, tofauti na dura ya zamani yenye ganda nene. Mashine iliyochorwa kwa dura ikikaza chikichi la tenera kwa nguvu ileile, ganda linapasuka na mafuta ya mise, yaani ya kiini kilicho ndani ya ganda, yanachanganyika na mawese. Kwa hiyo koni inayobana mwisho wa skrubu ya kukamulia iwe ya kurekebishika kwa bolti, kwa kuwa mteja huyohuyo anaweza kukuletea tenera asubuhi na dura jioni. Nimeona michoro mizuri sana kwenye skrini ambayo haikuwa na bolti hiyo.

Beringi nazo zina mambo. Usianze na umbo la mashine halafu utafute beringi ya kuingia. Anza na zile ambazo maduka ya spea za mashine za kusaga huwa nazo, kisha chora shafti izifuate. UCP 206, kwa mfano, beringi inayokuja na kikalio chake cha kufungwa kwa bolti, inachukua shafti ya milimita 30. Katalogi nyingi zinaipa uwezo wa kilonyutoni 19.5. Ukiibebesha 3.9, yaani kama kilo 400, hesabu ya kawaida inakupa mizunguko milioni 125, na kwa mizunguko 60 kwa dakika hiyo ni karibu saa 35,000. Ongeza mzigo mara mbili, umri unashuka mara nane, hadi saa 4,300 hivi. Hata hizo saa 4,300 beringi za kwetu mara nyingi hazifiki, na si kwa sababu ya mzigo. Zinakufa kwa maji, vumbi na nyuzi za chikichi. Ndiyo maana nasisitiza pesa ya ziada iende kwenye sili na kwenye kisahani cha kurusha maji mbali na shafti, kabla ya kufikiria beringi kubwa zaidi. Msukumo wa skrubu usibebwe na UCP. Uwekee beringi ya koni, kama 30206, ambayo nayo ni ya shafti ya milimita 30.

Inveta ya mota ndicho kipya ninachokipenda kuliko vyote. Unaipa umeme wa fezi moja, inakupa fezi tatu na kasi unayoitaka, na mashine inaanza taratibu bila kuzima taa za nyumba nzima. Soma kibati cha mota kwanza. Kikiandika volti 230/400, unaifunga kwa delta (nyaya zake zikiungwa kwa pembetatu) na inveta ya fezi moja itaiendesha. Kikiandika 400/690, mota hiyo haikufai kwa inveta hiyo. Mota usiiendeshe polepole sana kwa muda mrefu, kwa kuwa feni yake iko kwenye shafti yake. Ikizunguka polepole hewa nayo inapungua na mota inapata moto. Kasi ndogo itoke kwenye gia au puli.

Na hapa tena uache mlango wa cha zamani. Panga puli ili kwenye hezi 50, yaani za umeme wa kawaida, mashine ifanye kazi yake ya kawaida. Mota ya kilowati 1.5 yenye mizunguko 1,440 hivi kwa dakika huwa kwenye fremu ya 90L: kutoka chini hadi katikati ya shafti ni milimita 90, na shafti ni milimita 24. Inveta ikiungua, mwenye mashine anafunga mota ya fezi moja ya fremu hiyohiyo kwenye matundu yaleyale, puli ileile, kazi inaendelea.

Kuhusu programu, swali la ipi ni bora linachukua muda mwingi kuliko linavyostahili. Mimi natumia FreeCAD. Ni ya bure, haihitaji intaneti ukishaiweka, na toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 lilileta sehemu yake yenyewe ya kuunganisha vipande vya mashine. Onshape inafunguka kwenye kivinjari cha kompyuta, na kwenye simu ina programu yake, lakini kwenye akaunti ya bure michoro yako inaonekana na watu wote. Jambo hilo mteja ana haki ya kuambiwa. Fusion ya bure ni ya matumizi binafsi, siyo ya kazi ya kulipwa. Chagua unayoimudu. Cha lazima ni kwamba kila kazi ikikamilika uhifadhi faili la STEP, ambalo programu yoyote ya maana inalifungua, na DXF kwa ajili ya kukata bamba kwa leza.

Zile rangi za majaribio ya nguvu ndani ya kompyuta ziheshimuni kwa kiasi. Kijana mmoja alinionyesha fremu ya kijani kibichi tupu akasema iko salama. Nikamwomba anionyeshe kipimo cha rangi pembeni: programu ilikuwa imejipangia yenyewe, nyekundu ikianzia juu kabisa ya mkazo ambao chuma chake kingevumilia. Tulichukua kalamu, tukakokotoa boriti moja kwa mkono, tukapata kwamba ile ya katikati ingepinda. Alibadilisha unene usiku uleule. Hesabu ya mkono itangulie, kisha kompyuta ithibitishe.

Mwisho wa kazi chapisha ukurasa mmoja, uufunge kwa plastiki na kuufunga kwa rivet ndani ya mlango wa mashine. Uandike kwa Kiswahili: shafti milimita 30, UCP 206 mbili, beringi ya koni 30206, mkanda namba B-52, mota fremu 90L, bushi ya asetali na vipimo vya ile ya kasti. Anayetaka mchoro wangu wa kikombe cha bushi aniandikie, nitamtumia STEP na PDF.