Swali la Lugha: Unyevu Upi, na Fukuto Ni Lipi?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Des Moines, katika jimbo la Iowa, Marekani. Sisi majirani wachache tunaozungumza Kiswahili, mmoja wa Bukavu, mmoja wa Bujumbura, mmoja wa Mombasa na mimi wa Tanga, ni wapenzi wa kufuatilia utabiri wa hali ya hewa, na mimi huutafsiri kwa ajili ya wazee wetu wasiojua Kiingereza. Juma lijalo la Julai tunatarajia joto la nyuzi 35 za Selsiasi kwa siku nne mfululizo, na kile kipimo cha umande ambacho watabiri wa huku hukitaja kila siku kitafika nyuzi 24. Mwenzangu mmoja anashikilia kuwa unyevu utapungua kila mchana. Mwingine anasema hautapungua hata kidogo mpaka hewa baridi ya kutoka Kanada ifike. Tumebishana siku mbili nzima. Je, tatizo ni ujuzi wetu au ni Kiswahili chetu? Na je, niwaandikie wazee kiangazi, majira ya joto, wimbi la joto au fukuto?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na jibu langu la kwanza ni kwamba wenzako wote wawili wamesema kweli. Kinachowagombanisha ni neno unyevu, ambalo kila mmoja amelipa maana yake bila mwenziwe kutambua.

Unyevu katika Kiswahili cha kila siku ni hali ya kitu kutokauka sawasawa: ardhi baada ya mvua ina unyevu, ukuta wa chumba kisichopata jua una unyevu, na nguo iliyoanuliwa mapema huwa bado ina unyevu. Katika matumizi hayo hapana utata, kwa sababu tunagusa kitu na mkono unatuambia. Utata ulianza pale neno hilo lilipohamishiwa kwenye hewa, ambayo haishikiki, likabebeshwa vipimo viwili kwa pamoja. Kipimo cha kwanza ni kiasi cha mvuke uliomo hewani. Cha pili ni sehemu, kwa asilimia, ambayo mvuke huo umefikia ukilinganishwa na kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kuwemo katika hewa ya joto hilo kabla haujaanza kugeuka matone. Kadiri hewa inavyopata joto, ndivyo kiasi hicho kikubwa kabisa kinavyoongezeka, na kwa hiyo asilimia inaweza kushuka sana ilhali hakuna hata tone moja la mvuke lililoondoka.

Tutumie tarakimu zako mwenyewe. Ikiwa kipimo cha umande ni nyuzi 24 na alfajiri joto la hewa ni nyuzi 26, unyevu kwa asilimia utakuwa karibu 89. Mchana wa siku hiyo hiyo, joto likifika nyuzi 35 na mvuke ukabaki vilevile, asilimia itakuwa imeshuka hadi karibu 53. Mwenzako wa kwanza ameiangalia asilimia, akaona kwamba inapungua mchana. Wa pili ameuangalia mvuke wenyewe, akaona kwamba haubanduki mpaka hewa ile yote isukumwe na hewa nyingine iliyo kavu. Nani angeweza kuwapatanisha maadamu wote wanasema unyevu?

Ushauri wangu ni kuacha kulitumia neno hilo peke yake katika mazungumzo ya utabiri. Mnapotaka kutaja kipimo kinachoandikwa kwa asilimia, semeni asilimia ya unyevu; mnapotaka kutaja kiasi, semeni mvuke uliomo hewani. Utakutana pia na neno unyevuanga, ambalo limeundwa kwa kuunganisha unyevu na anga. Ni neno zuri, lakini halikusaidii hapa, kwa sababu linatuonyesha tu kwamba unyevu unaozungumziwa ni wa hewani, na hilo ninyi mlikwisha kulijua.

Ama kile kipimo cha umande, ningependa kukipa jina la kiwango cha umande, kwa kufuata mfano tuliouzoea shuleni. Tunasema kiwango cha kuchemka kwa maana ya joto ambalo maji huanza kuchemka, na kiwango cha kuganda kwa maana ya joto ambalo maji huanza kuganda. Kwa mantiki hiyo hiyo, kiwango cha umande ni joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo, umande huanza kutunga. Nyuzi 24 za umande hazimaanishi kwamba kuna umande mwingi nje, wala kwamba umande una joto la nyuzi 24. Maana yake ni kwamba mvuke ni mwingi kiasi kwamba hewa haihitaji kupoa sana kabla majani hayajalowa. Msomaji wako wa Mombasa atahitaji maelezo hayo zaidi ya wengine, kwa kuwa katika Kiswahili cha pwani umande si matone ya alfajiri tu, bali pia ni jina la upepo utokao bara kuelekea baharini nyakati hizo.

Hapo ndipo fukuto linapoingia, nami nakiri kwamba ni neno ninalolipenda na ambalo naona waandishi wengi wa habari wanalipita bila kulitazama. Asili yake ni kitenzi fukuta. Moto unafukuta pale unapoungua chini kwa chini bila kutoa mwali, na ndiyo maana hata mgogoro uliofichika husemwa kuwa unafukuta. Fukuto, basi, ni joto lililofungiwa: hewa imetulia, mvuke ni mwingi, jasho linatoka lakini halikauki, na mtu anahisi kama amefunikwa blanketi lililoloweshwa maji moto. Mwili hujipoza kwa jasho kugeuka mvuke na kuondoka na joto la ngozi. Hewa inapokuwa tayari imejaa mvuke, kazi hiyo huzorota, na ndiyo sababu nyuzi 35 za Des Moines katika juma kama hilo zinaweza kuhisiwa mwilini kama nyuzi 42, ilhali nyuzi 35 hizo hizo katika jangwa kavu zinaweza kuhisiwa chini kidogo ya tarakimu yenyewe. Kwa neno moja Kiswahili kimetenganisha hali hizo mbili. Si kila joto kali ni fukuto.

Lakini fukuto ni hali inayohisiwa, na haipimwi kwa nyuzi. Kwa hiyo usiandike "fukuto la nyuzi 42". Andika kwamba joto linalohisiwa litakuwa kama nyuzi 42, kisha uongeze kwamba kutakuwa na fukuto. Na ngeli yake ni ile ya joto: fukuto kali, fukuto hili, fukuto limezidi.

Lipo pia neno hari, lenye asili ya Kiarabu, ambalo katika pwani hutumika kwa maana ya joto na vilevile kwa maana ya jasho, hata mtu akasema anatoka hari. Naliheshimu sana, na kwa mzee wa Mombasa litaingia moyoni mara moja. Kwa mzee wa Bukavu huenda lisimfikie, na tangazo la afya si mahali pa kumfundisha mtu msamiati mpya.

Nimefurahishwa kuona barua hii inatoka Iowa, kwa sababu fukuto la huko lina chanzo ambacho mkulima yeyote wa kwetu angekielewa. Mvuke mwingi hufika na hewa inayopanda kutoka Ghuba ya Meksiko, lakini sehemu yake huongezwa na mashamba yenyewe, maana Iowa ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa kilimo cha mahindi. Ekari moja ya mahindi yaliyostawi huweza kutoa hewani lita 11,400 hadi 15,100 za maji kwa siku moja. Wenyeji husema mahindi yanatoka jasho, na Kiswahili kinaupokea usemi huo bila taabu yoyote, kwani kwetu pia jasho hutoka. Mkitaka neno la kitaalamu zaidi, semeni mvuke wa mimea. Lakini sioni kwa nini mwache usemi ulio hai.

Swali lako kuhusu kiangazi ni gumu kuliko unavyodhani. Vitabu vingi vya shule hulitumia neno hilo kwa yale majira ya Juni hadi Agosti katika nchi za kaskazini, na siwezi kusema kwamba ni kosa. Hata hivyo, mzizi wa kiangazi unatuelekeza kwenye anga na kuangaza, yaani wakati wa jua na wa anga lisilo na mawingu, na katika masikio ya watu wengi wa bara maana yake ya kwanza ni ukavu. Mtu wa Dodoma, ambako mvua hunyesha takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, akisikia kiangazi huona vumbi na mito iliyokauka. Mwenzako wa Bukavu na yule wa Bujumbura wana tatizo kubwa zaidi, kwa sababu kwao miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo hasa miezi ya ukavu. Ukiwaambia kwamba kiangazi cha Iowa kina fukuto na ngurumo za mvua, kalenda yao inakubali lakini maana inakataa. Wewe wa Tanga, kwa upande wako, miezi hiyo umezoea kuijua kuwa ni ya kusi na kipupwe, wakati joto lenye jasho lilikuwa la kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Watu wanne, na mwezi mmoja wa Julai hauna maana moja kwao wote! Kwa hadhira ya namna hiyo, majira ya joto ndilo jina lisilomdanganya mtu yeyote, kwa kuwa linataja joto na kunyamaza kuhusu mvua.

Wimbi la joto limekwisha kukubalika katika vyombo vya habari, nami sina ugomvi nalo, kwani wimbi huja, hupanda na hupita, na Kiswahili kilikuwa tayari kinalitumia neno hilo kwa mambo yanayovamia kwa mkupuo. Ninachoomba ni kwamba lisitumiwe kwa kila siku ya joto. Kila nchi ina kipimo chake. Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza hudai angalau siku tatu mfululizo za kufikia kizingiti ambacho, kutegemea eneo, huwa kati ya nyuzi 25 na 28. Na kaskazini-mashariki mwa Marekani, mazoea ya siku nyingi ni siku tatu mfululizo za nyuzi 90 za Farenhaiti, ambazo ni zaidi kidogo ya 32 za Selsiasi. Siku nne zako za nyuzi 35 zinastahili jina hilo. Mkizungumzia ule mgandamizo mkubwa wa hewa unaolifunika eneo na kulizuia joto lisipande juu na kuondoka, semeni kuba la joto. Yeyote aliyeuona msikiti ataiona picha mara moja.

Kabla sijamaliza, naomba nirekebishe mambo matatu niliyoyaona katika nakala za matangazo ulizoambatisha. Umeandika "hali ya hewa itakuwa joto", ambapo Kiswahili kinasema kutakuwa na joto, au hali ya hewa itakuwa ya joto. Umeandika "unyevu uko juu", kana kwamba umewekwa darini. Sema unyevu ni mwingi. Na mahali pamoja umeandika "joto la asilimia 35", kosa ambalo hata redioni nimelisikia na ambalo linachanganya kabisa vile vipimo viwili tulivyojitahidi kuvitenganisha. Joto hupimwa kwa nyuzi, na asilimia ni ya unyevu.

Umakini huu naudai kwa sababu ya hao wazee. Mnamo Julai 1995 joto lenye mvuke mwingi lililikumba jiji la Chicago, na zaidi ya watu 700 walifariki dunia, wengi wao wakiwa wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Usiku hakukuwa na nafuu, kwa kuwa hewa yenye mvuke mwingi haipoi upesi jua linapotua. Mzee akisoma katika tangazo lako kwamba unyevu utapungua mchana, anaweza kudhani kwamba mchana ndio wakati wa kutoka nje. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na kwa asilimia ni ya kweli, lakini kwa afya yake ni ya hatari. Kwa hiyo ningeliandika tangazo lenu namna hii:

"Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi kutakuwa na wimbi la joto. Mchana joto litafika nyuzi 35 za Selsiasi, sawa na 95 za Farenhaiti, na kwa kuwa mvuke hewani ni mwingi, mwilini litahisiwa kama nyuzi 42. Usiku pia kutakuwa na fukuto, na joto halitashuka sana. Wazee wetu, tafadhalini msikae peke yenu katika chumba kisicho na kipoza hewa. Kunyweni maji hata kabla ya kusikia kiu, nasi tutapita kuwajulia hali asubuhi na jioni."

Katika tangazo hilo nimeacha kiwango cha umande pamoja na asilimia ya unyevu. Hivyo viachieni mabishano yenu ya jioni, ambayo natumaini yataendelea.