Maswali ya Wasomaji: Yai Bichi, Yai Lililochemshwa na Rangi ya Zambarau

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Darasani tulipima protini katika ute wa yai bichi kwa haidroksidi ya sodiamu na mrututu, na mchanganyiko ukageuka zambarau. Nilimwomba mwalimu tupime pia ute wa yai lililochemshwa. Tuliuponda ndani ya maji, nao ukatoa rangi ile ile. Mwenzangu anasema joto huua protini. Kama imekufa, mbona bado inaonekana?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Lamu

JIBU: Wa alaikum salaam, mwanangu. Umefanya vyema kuongeza jaribio ambalo hukuagizwa, kwa sababu hilo ndilo linaloonyesha kipimo hiki hupima nini hasa.

Protini ni mnyororo wa asidi amino, ambazo aina zake za kawaida ni 20. Asidi amino mbili zinapoungana, molekuli moja ya maji hutoka, na pale zilipoungana ndipo penye kifungo cha peptidi, ambacho ni imara sana. Baada ya hapo mnyororo hujikunja na kupata umbo lake maalumu, na umbo hilo hushikiliwa zaidi na vifungo dhaifu, vikiwamo vya haidrojeni, ambavyo kimoja kimoja havina nguvu lakini kwa wingi wao huweza kazi.

Chukua tasbihi uikusanye kiganjani, kisha ufumbue mkono. Tasbihi italegea na kuning'inia, lakini uzi wake haukukatika. Joto huufanyia ute wa yai jambo kama hilo: kuanzia nyuzijoto 60 hivi vifungo dhaifu huachia, minyororo hukunjuka, kisha hunasana yenyewe kwa yenyewe, na ute uliokuwa ukipitisha mwanga ukawa mweupe na mgumu. Hata moto si lazima. Kipande cha nguru kilichokamuliwa ndimu hupauka juu kabla hakijafika jikoni, kwa kuwa asidi nayo huvuruga vifungo hivyo.

Sasa kipimo chenu, kiitwacho cha biureti (kisichanganywe na bureti, ile neli ndefu yenye alama za vipimo), hakiangalii umbo hata kidogo. Chembe za shaba kutoka kwenye mrututu, zikiwa ndani ya alkali, hushikamana na naitrojeni za vifungo vya peptidi, na muungano huo ndio wenye rangi ya zambarau. Maadamu uzi haujakatika, rangi itatokea. Ili kuukata, maabara huichemsha protini ndani ya asidi kali ya haidrokloriki katika nyuzijoto 110 kwa saa 24 hivi. Tumboni mwako kazi hiyo huanzwa na kimeng'enya cha pepsini. Asidi amino zilizokwisha kutengana kabisa hazitoi zambarau. Kwa hiyo ningependa neno "huua" liachwe, kwani protini haikuwa na uhai. Imepoteza umbo, na pamoja na umbo imepoteza kazi yake.

Tena, msiipashe moto neli yenu. Kupasha moto ni kwa kipimo cha sukari; hapa mtaishia kupata mashapo meusi ya oksidi ya shaba.

SWALI: Mimi ni msusi. Nywele nilizozinyoosha kwa pasi hurudi kujikunja mteja akipigwa na upepo wa bahari, lakini zilizotiwa dawa hubaki zimenyooka. Tofauti iko wapi?
Msomaji wa kike, Malindi

JIBU: Dada yangu, unywele ni protini iitwayo keratini, na jibu limo katika vifungo vile vile. Pasi hufungua vifungo vya haidrojeni, navyo hujifunga upya unywele ukiwa umenyooka. Unyevu wa hewa ya pwani huvifungua tena, na unywele ukarejea katika umbo lake. Dawa huvifikia vifungo vya salfa, ambavyo vina nguvu zaidi na havirudishwi na maji. Dawa nyingi za aina hiyo zina haidroksidi ya sodiamu, ile ile ya maabara, nayo huunguza ngozi. Usiiache kichwani kupita muda ulioandikwa kwenye mkebe. Nywele mpya zikianza kuota zitatoka zimejikunja kama za awali, kwa kuwa dawa iligusa zile tu zilizokwisha kutoka kichwani.